Samaki wa Elfu Sitini Akifika Mkavu

Mama lishe wa Tandika akikupakulia maharage yenye mawe, unamwambia papo hapo: "Mama, leo hukuchagua." Atacheka au atanuna, atakuongezea upawa wa mchuzi au atakwambia uhamie kwa jirani yake, na habari inaishia hapo. Sahani yenyewe haizidi elfu tatu. Mchukue mteja huyohuyo siku ya kuzaliwa ya mkewe, mpeleke mgahawa wa Masaki wenye vitambaa vyeupe mezani na glasi tatu mbele ya kila kiti, kisha aletewe samaki wa shilingi elfu sitini aliyekauka hadi nyama inang'ang'ania mwiba. Mhudumu akipita kuuliza kama kila kitu kiko sawa, atajibu, "Kizuri sana, asante." Malalamiko yataanzia kwenye gari la kurudi nyumbani, Daraja la Tanzanite likiwa limeshabaki nyuma.

Tunaogopa kuonekana washamba, na wenye migahawa wanalijua hilo kuliko sisi. Taa hafifu, menyu yenye maneno ya Kifaransa yasiyotamkika, uma wa ziada usiojua kazi yake, vyote vinamfanya mteja ajiambie kimoyomoyo kwamba labda ndivyo chakula hiki kinavyotakiwa kuwa. Malezi nayo yanachangia. Nyumbani kwa watu, mgeni hasemi chumvi imezidi. Anakula, anashukuru, anaaga. Ni adabu nzuri na sina nia ya kuibomoa. Ila pale Masaki hakuna aliyekualika. Umenunua, na ufundi wa kudai ulio nao kwa mama lishe ndio huohuo wa kwenda nao huko. Manispaa ya Kinondoni ina Masaki na ina Tandale, na sijaona sheria ndogo inayosema wa Tandale wakivuka Barabara ya Ali Hassan Mwinyi waache midomo yao nyumbani.

Sehemu kubwa ya masikitiko, hata hivyo, huwa imeshapikwa kabla hujavaa viatu. Piga simu mapema, uombe menyu yenye bei kwa WhatsApp. Mgahawa unaoficha bei mpaka ukae kitini umeshakuonyesha tabia yake. Ukiipata, isome kuanzia chini, kwenye maandishi madogo, maana ndiko kunakoandikwa kama bei zina VAT ndani yake au itaongezwa, na kama kuna ada ya huduma. Chakula cha laki moja, kikiongezewa ada ya huduma ya asilimia 10, kisha VAT ya kiwango cha kawaida cha asilimia 18 juu ya jumla hiyo, kinakuwa shilingi 129,800. Mkiwa wanne, kila mmoja na laki yake, mnaondoka mmelipa karibu laki na ishirini ambazo hamkuzila. VAT ni ya serikali; ada ya huduma ni uamuzi wa mwenye mgahawa, kwa hiyo uliza ni asilimia ngapi, na uliza kama inawafikia wahudumu. Ikiwafikia, huna deni la bakshishi juu yake.

Ukikuta bei zimeandikwa kwa dola, jua kwamba mahali hapo pamechelewa kusoma magazeti. Tangu mwishoni mwa Machi 2025, kanuni zilizotolewa chini ya Sheria ya Benki Kuu zinakataza kutangaza wala kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, na hakuna anayeruhusiwa kukataa shilingi yako. Hilo peke yake linaondoa ule mchezo wa zamani wa kukubadilishia dola kwa kiwango wanachokijua wao.

Kwenye simu hiyohiyo maliza maswali mengine. Je, kuna kiwango cha chini cha matumizi kwa meza? Ukija na keki yako uliyoagiza Sinza, watakutoza kwa kuikata? Wako wanaotoza, na si hela ndogo. Kuna bendi usiku huo? Watu wamekwenda kumchumbia mtu wakaishia kupigiana kelele masikioni mbele ya spika. Na kwa anayejali halali, usiridhike na jibu la "nyama yetu ni halali." Nyama inaweza kuwa imechinjwa vizuri kabisa kisha ikamwagiwa mchuzi uliopikwa kwa mvinyo, na vitindamlo vya kutikisika vingi hugandishwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Uliza juu ya mchuzi, uliza juu ya jelatini, uliza kama nguruwe anakaangwa kwenye kikaango kimoja na vingine. Mpishi anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika. Anayejibu kwa kubabaika amekujibu pia.

Halafu kuna kuagiza, na hapa ndipo ninapoona watu wakijiumiza wenyewe. Dar es Salaam imekaa kando ya bahari. Mtu anatoka Mbezi Beach, anapita Kawe, harufu ya pwani inampiga puani, anafika mezani anaagiza salmoni. Samaki huyo haishi Bahari ya Hindi. Amesafirishwa kutoka mbali, mara nyingi akiwa barafu, na hata akipikwa na malaika hawezi kuwa mbichi kama changu aliyeshushwa Feri asubuhi. Muulize mhudumu swali moja tu: "Samaki gani ameingia leo?" Jibu likiwa "wote wapo, bosi," jifunze kutilia shaka, kwa kuwa bahari haina desturi ya kuleta wote siku moja. Pepo za kusi zikivuma, kati ya Aprili na Septemba hivi, bahari huchafuka, na ngalawa na mashua ndogo hazitoki kila siku. Pweza huchokolewa miambani maji yanapokupwa sana, siku za bamvua. Siku nyingine ujue unaletewa aliyekaa kwenye friza, jambo ambalo si kosa, maana kugandishwa humlainisha, ilimradi wasikwambie amevuliwa alfajiri.

Nyama ya ng'ombe ina kisa chake. Ng'ombe wetu wengi wamekulia malishoni, wametembea sana, na nyama yao kwa kawaida huchinjwa usiku Vingunguti ikawa buchani asubuhi. Kwa mchuzi na supu hakuna kinachoishinda. Steki ya kizungu inataka nyama iliyotundikwa kwenye baridi kwa siku nyingi ili ilainike, au angalau sarara, ile nyama laini ya mgongoni. Mhudumu atakuuliza unataka iive kiasi gani. Wengi wetu tunasema iive kabisa, na ni haki yetu. Lakini sarara ikiiva kabisa inakauka, na ukiirudisha jikoni hawana la kuirekebishia. Kama hupendi kuona wekundu, achana na steki. Agiza kilichopikwa taratibu kwa saa nyingi: mguu wa mbuzi, mbavu, kitu chenye mfupa na mchuzi wake. Utakula vizuri kuliko jirani yako wa meza ya pili anayehangaika na kisu, na bei mara nyingi huwa chini.

Kuhusu udogo wa sahani, nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya wasomaji. Kutoshiba si kosa la mgahawa. Kama menyu ilisema gramu 180 na zimeletwa gramu 180, kilichobaki ni kati yako na tumbo lako. Migahawa hii hupanga mlo wa hatua tatu au nne, na anayeagiza hatua moja kwa kubana matumizi huondoka akipitia Mwenge kutafuta chipsi mayai. Hakuna aibu katika hilo, nimewaona wenye suti. Ila uzito usipoandikwa, uliza kabla, na ukiletewa kamba watatu baada ya kuahidiwa sita, hayo tena si masuala ya mtindo.

Wala sifa na nyota zisikufunge mdomo. Nyota unazoziona kwenye ukuta wa hoteli zetu hutolewa kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ni daraja la hoteli nzima, vyumba na huduma zake, haziapi kwamba samaki wako wa Jumamosi atatoka jikoni akiwa na maji yake. Zile za Michelin, zinazotolewa na kitabu kilichoanzishwa na kampuni ya matairi ya Ufaransa mwaka 1900, hazijafika Tanzania kabisa. Na hata zilikofika, watu hulia. Desemba 2021 mwandishi wa Marekani, Geraldine DeRuiter, alieleza mlo wake katika mgahawa wa Bros' mjini Lecce, kusini mwa Italia, wenye nyota ya Michelin. Yeye na wenzake waliletewa vitu 27 kwa muda wa zaidi ya saa nne, vingine vya kumeza mara moja tu, na kimojawapo kilikuwa povu lililowekwa ndani ya plasta iliyochongwa kwa umbo la mdomo wa mpishi, ili mteja alirambe humo. Wakatoka na njaa. Mpishi alijibu kwa tamko refu lenye picha za mtu na farasi, akieleza sanaa ni nini. Dunia nzima ilicheka. Nami nilicheka, ila nilibaki najiuliza kwa nini meza nzima ya watu wazima ilikaa mpaka mwisho. Jibu ninalo: wao pia waliogopa kuonekana washamba.

Sasa sahani iko mbele yako na kuna tatizo. Onja mara mbili, tatu. Ukishahakikisha, weka uma chini. Hapa ndipo kesi nyingi hupotea, kwa kuwa mtu anakula robo tatu ya samaki huku akinung'unika, kisha anamwita meneja aone miiba. Hakuna meneja atakayefuta sahani iliyokwisha, na mimi ningekuwa yeye nisingefuta. Muda nao uangalie. Dakika tano za kwanza unadai, dakika arobaini baadaye unalalamika, na haya mawili hayapokelewi sawa.

Mwite mhudumu kwa heshima yake, dada au kaka, na utaje kasoro inayoonekana. "Dada, samaki huyu ni mkavu, naomba umrudishe jikoni waniletee mwingine." "Kaka, wali huu ni wa baridi katikati." "Hii kuku ina damu mfupani, siwezi kuila." Maneno kama "chakula chenu kibaya" au "mnatuibia" yanampa mwenzako nafasi ya kujitetea na hayampi cha kurekebisha. Taja pia unachotaka: kubadilishiwa, kupikiwa tena, au kuondolewa kwenye bili. Ukimwachia mhudumu akukisie, ataleta pole na juisi ya bure. Kuku mwenye damu usikubali apitishwe tena motoni dakika mbili na kurudishwa kwenye sahani ileile. Omba sahani mpya.

Wapo wanaonyamaza kwa huruma. Wanasema, nikirudisha, yule binti atakatwa mshahara. Ni huruma ya kweli, maana wahudumu wengi wa Masaki na Oysterbay wanalala Mbagala, Tandale na Mwananyamala, ni majirani zetu, na mishahara yao ni midogo. Lakini yeye hakupika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka mipaka ya makato ya mshahara, na kosa la jiko haliwezi kubebeshwa aliyeleta sahani. Unaweza kumsaidia kwa kusema mbele ya meneja, "Huyu dada ametuhudumia vizuri, tatizo ni jiko." Sentensi hiyo inafanya mambo mawili kwa pamoja: inamkinga, na inamwonyesha meneja kwamba hukuja kutafuta ugomvi. Vijana waliopita Chuo cha Taifa cha Utalii, kwenye kampasi za Bustani au Temeke, wamefundishwa kupokea malalamiko. Mara nyingi shida iko kwa mwenye kaunta, asiyewapa mamlaka ya kufuta hata soda.

Kama mhudumu anazunguka, omba meneja wa zamu. Usiombe mwenye mali, hayupo. Meneja akija, mwache akae au ainame, ongea chini. Kupaza sauti kunageuza meza nyingine kuwa hadhira, na meneja mwenye hadhira hulinda heshima ya mgahawa kwanza, wewe baadaye. Kama una mgeni wako mezani, au mtu unayetaka akupende, nyanyuka umfuate meneja kaunta mmalizane huko. Siku ya mtu haiharibiwi na samaki peke yake; mara nyingi huharibiwa na mwenzake aliyegombania samaki kwa saa nzima.

Ikija bili, isome mstari kwa mstari, hata kama mwenyeji wako anajifanya haisomi. Angalia maji. Chupa mnazofunguliwa bila kuulizwa ndizo huvimbisha bili kimyakimya, pamoja na mikate ya utangulizi ambayo kila mtu alidhani ni ya bure. Sahani iliyorudishwa ihakikishe imetoka. Kisha ulipie, na udai risiti ya EFD. Ile karatasi ya mashine ya kadi si risiti ya kodi, na bili iliyochapwa kwenye kompyuta yao si risiti ya kodi. Ya kweli ina namba ya TIN, namba ya uthibitisho na alama ya QR unayoweza kuipiga kwa simu ukaona kama TRA wanaitambua. Tazama na mstari wa VRN, namba ya usajili wa VAT. Kama umeandikwa kwamba hawajasajiliwa, huku bili yako ina asilimia 18 ya VAT, basi wamekutoza kodi wasiyo na haki ya kuikusanya, na hapo rudi kaunta ukiwa na karatasi mbili mkononi. Ukilipa kwa Lipa Namba, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa la mtu binafsi badala ya biashara, simama. Na risiti usiiache mezani, kwanza kwa sababu sheria inamtaka mnunuzi naye aidai, pili kwa sababu bila hiyo huna ushahidi kwamba uliwahi kukaa pale.

Ushahidi huo utauhitaji zaidi kama tumbo litaanza kusokota. Nenda kituo cha afya kwanza, upimwe, cheti ukitunze. Halafu toa taarifa kwa ofisa afya wa manispaa ambako mgahawa uko, wala si unakoishi: Masaki, Mikocheni na Mbezi Beach ni Kinondoni, Chang'ombe na Kurasini ni Temeke, Posta na Upanga ni Jiji la Dar es Salaam. Maofisa hawa, chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, ndio wanaoingia jikoni na kukagua. Watu bado wanaulizia TFDA, lakini tangu 2019 masuala ya usalama wa chakula yalihamia TBS. Na kama ulidanganywa, kwa mfano menyu ilisema kamba wa leo ukaletewa wa kopo, au bei ya mezani si ya kwenye bili, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya namna hiyo. Sitakudanganya kwamba watakuja mbio kwa samaki mmoja.

Wengi hawafiki huko, wanaenda Instagram. Sina tatizo na hilo, ila andika ukiwa umeshalala. Weka tarehe, jina la chakula, bei, ulichosema na walichokujibu. Picha iwe ya sahani ile, si ya mtandaoni. Usiandike "wamenipa sumu" kama hospitali haijasema hivyo, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu anayesambaza taarifa za uongo, na mgahawa wenye wakili unaisoma kwa makini kuliko wewe. Andika "nilianza kutapika saa nne baada ya kula," kama ndivyo ilivyokuwa. Na kama walikurekebishia, liseme na hilo, vinginevyo utakuwa umeeleza nusu ya usiku.

Meneja mjanja, akiona huchomoki, atakuahidi chakula cha bure siku nyingine. Mimi ningeomba nipunguziwe usiku uleule. Ukiikubali ahadi yake, mwombe aiandike nyuma ya bili kwa kalamu: watu wangapi, hadi lini, kama vinywaji vimo, jina lake na sahihi. Mameneja wa Masaki hawakai sana kazini, na huyo utakayemkuta mwezi ujao hatakuwa amewahi kukusikia.